Casino Royale na Aibu ya Kutupa Karata

Kuna filamu moja ya James Bond ambayo vijana wa Walukuba wanaipenda juu ya neno moja tu: Mbale. Ni Casino Royale ya mwaka 2006, ile ya kwanza ya Daniel Craig. Dakika za mwanzo tu, maandishi yanatokea kwamba sasa tuko Mbale, Uganda, na kibanda cha video chote kinapiga kelele. Mbale ni jirani yetu. Mtu anapanda teksi Jinja asubuhi, anapita Iganga, anafanya shughuli zake Mbale na jioni amerudi nyumbani. Halafu watu wanakaza macho na kicheko kinaanza. Mlima Elgon uko wapi? Kahawa iko wapi? Sehemu hiyo ilipigwa kwenye msitu wa Uingereza, na mkubwa wa waasi ameigizwa na Isaach de Bankolé, mtu wa Kodivaa.

Wakosoaji wa kibandani wanamalizia hapo: wametudanganya, VJ endelea. Mimi naona kosa la ramani ni dogo. Filamu hii ina kosa kubwa zaidi, na vijana wetu wanatoka nalo kibandani bila kujua. Inafundisha kwamba mtu jasiri hulipa ili abaki kwenye mchezo, na anayetupa karata ni mwoga. Sisi tunaosoma jarida hili, wengi wetu tukiitwa wakimbizi, tuna sababu ya kulichunguza somo hilo.

Kwa ambao hawajaiona, hadithi ni hii. Le Chiffre ni mtu wa kutunza fedha za watu wabaya. Huko msituni anakutanishwa na Obanno, mkubwa wa Lord's Resistance Army, LRA. Anaulizwa juu ya Mungu, anajibu juu ya faida. Anapewa fedha taslimu azitunze, lakini hazitunzi. Anabashiri kwamba hisa za kampuni moja ya ndege zitaanguka, halafu anamtuma mtu akalipue ndege yao mpya ili zianguke kweli. Bond anaharibu mpango, na zaidi ya dola milioni 100 zinapotea. Ili azirudishe haraka, Le Chiffre anaandaa meza ya poka huko Montenegro, kila mchezaji aje na dola milioni 10. Serikali ya Uingereza inamtuma Bond akae pale amfilisi.

Kitabu cha Ian Fleming cha mwaka 1953 hakina Uganda ndani yake, na mchezo wake si poka, ni bakarati. Waliotengeneza filamu walibadilisha, na hapo nawasifu. Kwenye bakarati mchezaji hana mengi ya kuamua. Poka ni maamuzi kila dakika. Ile ya kwenye filamu kila mtu ana karata 2 za siri, na karata 5 zinafunguliwa katikati kwa ajili ya wote. Kabla na baada ya kufungua, watu wanaweka hela. Mwenzako akishaweka, una njia tatu: ulipe kiasi hicho ubaki, uongeze juu yake, au utupe karata zako na kuacha pale yote uliyokwisha kuweka.

Sasa tuangalie Bond anaamuaje. Kwanza anajifunza kwamba Le Chiffre akidanganya, jicho lake lina alama fulani. Siku ya siku anaiona ile alama, anaweka fedha zote akijiamini. Mwenzake anafunua jeki nne. Bond ana karata nzuri sana, lakini jeki nne zinazipiga. Milioni 10 zimekwisha. Inatakiwa milioni 5 nyingine ili arudi mezani, na funguo za fedha anazo Vesper Lynd, mwanamke aliyetumwa na Hazina ya Uingereza. Vesper anakataa. Anaona mtu mwenye hasira na majivuno, na hampi. Bond anafanya nini? Anachukua kisu mezani aende kumuua Le Chiffre. Anazuiwa na Leiter, Mmarekani wa CIA aliyekuwa akicheza pia. Leiter anajua kwamba yeye mwenyewe hashindi tena, kwa hiyo anampa Bond fedha za Marekani aendelee.

Mnaona? Watu wawili katika filamu nzima wanajua kupima. Vesper anakataa kulipa. Leiter anakubali kwamba zamu yake imekwisha. Lakini filamu imepangwa ili Vesper aonekane amekosea na Leiter awe msaidizi tu. Muziki wote, picha zote, viko upande wa yule anayerudi mezani.

Mkono wa mwisho ndio unaoniudhi zaidi. Watu wanne wanaweka kila kitu, fungu la mezani linafika dola milioni 115. Mezani kuna esi mbili, na nne, sita na nane za shupaza. Mmoja ana shupaza tano, wa pili ana nane tatu na esi mbili, Le Chiffre ana esi tatu na sita mbili. Bond ana tano na saba za shupaza, kwa hiyo mfululizo wake wa shupaza unaanzia nne mpaka nane. Kibanda kinaruka juu. Lakini ukitulia, utaona kwamba Bond hakuamua chochote. Kwa karata zile za mezani hakuna mkono wowote duniani ungeweza kumpiga. Mtoto mdogo angelipa pale. Mwandishi wa filamu amempa karata zisizoshindwa, halafu anatuambia tupigie makofi ujasiri wake.

Ili nionyeshe kilichokosekana, nitumie mchezo ndugu wa huo, unaitwa Omaha, ile ya kikomo cha fungu. Katika kikundi chetu cha vijana tunaucheza kwa vifuniko vya soda, bila hela hata shilingi. Karata zetu za kila siku Walukuba ni matatu, kila mtu karata 7, unafuata namba au alama. Matatu ina ujanja wake, lakini haina kutupa. Umeshagawiwa, utakaa mpaka mtu amalize au mwenye saba ya kukata aikate. Mimi nilitaka mchezo unaomlazimisha kijana aseme: hapa naacha.

Kwenye Omaha unapewa karata 4 badala ya 2, na lazima utumie 2 kamili kutoka mkononi na 3 kutoka mezani. Karata 4 zinatoa jozi 6 tofauti, kwa hiyo kila mtu mezani anaona ana kitu. Hapo ndipo watu wanaangamia. Na kikomo cha fungu maana yake huwezi kusimama tu ukaweka nyumba na shamba kwa mara moja kama Bond. Kama mezani kuna vifuniko 10, wa kwanza kuweka anaweza kuweka 10, zaidi ya hapo hapana.

Tuseme mezani kuna 10 na mwenzako ameweka 10. Wewe ukilipa 10, mnagombea 30. Kwa bei hiyo unatakiwa ushinde walau mara 1 katika 3, la sivyo unajichimbia shimo. Una shupaza mbili mkononi, na katika karata 4 zilizofunguliwa mezani mbili ni shupaza. Unasubiri karata ya mwisho iwe shupaza. Umeona karata 8, zako 4 na za mezani 4. Zimebaki 44 usizoziona, na 9 kati yake ni shupaza. Kumi na nne mara tatu ni arobaini na mbili; tisa haifiki hata kumi na nne. Nafasi yako ni kama 1 katika 5. Ucheze hivyo mara 5: mara 4 unapoteza 10, jumla 40, na mara 1 unapata faida ya 20. Umerudi nyumbani umepungukiwa 20. Tupa.

Lakini mwenzako angeweka 2 tu badala ya 10, ungelipa 2 kugombea 14. Bei ni 1 katika 7, nafasi yako ni 1 katika 5. Lipa. Karata zako hazijabadilika hata moja. Kilichobadilika ni bei. Na bado kuna swali lingine: shupaza yako ikija, je, ni kubwa kuliko zote? Kwenye Omaha mtu mwenye shupaza ndogo mara nyingi analipa ili aone tu karata iliyomuua. Swali la kujiuliza ni hili: kuna nini hapa kinachoweza kunipiga? Esi tatu na sita mbili za Le Chiffre ni kitu kizuri, lakini mwenye esi na nane angempiga. Katika Omaha, ambako kila mtu ana jozi 6, mchezaji mzoefu angezitazama karata zile kwa wasiwasi mkubwa.

Kijana mmoja wa miaka 19, fundi wa pikipiki, aliniambia mezani, "Kaka, nimeshaweka vifuniko sita, nitatupaje?" Kabla sijajibu, dada mmoja aliyekaa pembeni akamwambia, "Hivyo sita si vyako tena. Ni vya meza." Tukacheka, lakini yule fundi alikaa kimya muda mrefu. Nyumbani kwao kuna mtu anayekwenda kwenye duka la betingi kila siku kufuata hela za jana. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari. Mnaoishi hapa mnajua ni wangapi wa chini ya umri huo wenye tiketi mfukoni.

Sasa nirudi kwa Le Chiffre, juu ndiye mtu wa kweli kuliko wote katika filamu hii. Mads Mikkelsen amemwigiza vizuri sana. Tazama jinsi anavyohema, jinsi anavyoshika kile kifaa chake cha dawa ya kifua. Mtu huyu hawezi kuondoka mezani. Katikati ya mchezo Obanno anamfuata hotelini, ana panga, na anatishia kumkata mkono mwanamke wake. Dakika hizo zinaeleza kitu ambacho Bond hatakielewa kamwe: mtu anayecheza na hela za wengine, na wenyewe wanazidai, ameshauza haki yake ya kutupa karata. Hata aone kwamba bei ni mbaya, atalipa tu.

Na Bond? Yeye akipoteza, serikali yake imepoteza. Akiishiwa za London, zinakuja za Washington. Huo tunauita ujasiri kwa sababu tu kamera iko upande wake. Kwa hesabu yangu, anaweza kutupa wakati wowote na kesho akanywa chai. Kwa hiyo sioni tofauti ya moyo kati ya wanaume hawa wawili. Tofauti ni nani amesimama nyuma ya kiti cha kila mmoja: nyuma ya mmoja kuna Hazina, nyuma ya mwingine kuna panga.

Kuna watu wa tatu ambao filamu imewaacha nje kabisa. Zile fedha za Obanno zilitoka wapi? Filamu haiulizi. LRA ya kweli haikuwa na makao Mbale. Vita vyake vilikuwa kaskazini, Acholi na Lango, na mwaka 2003 ilifika Teso, watu wakakimbilia Soroti mjini. Ilipata silaha kutoka serikali ya Khartoum, ikaishi kwa kupora chakula na kuteka watoto. Mwezi Agosti 2006, miezi michache kabla filamu haijatoka, serikali ya Uganda na LRA zilitia sahihi kusimamisha mapigano huko Juba. Mazungumzo yakavunjika, na mwisho wa mwaka 2008 waasi haohao wakaua watu Faradje na Doruma, huko Kongo. Familia yangu ni ya Bunia, hatukuguswa na hilo, lakini kambini tuliishi na walioguswa. Ukiwa unajua hayo, lile fungu la milioni 115 unaliona kwa jicho lingine. Mezani Montenegro kuna mavuno ya mtu, kuna mbuzi wa mtu, kuna mtoto wa mtu. Obanno anauawa na Bond kwenye ngazi za hoteli, fedha zinapita mikono mingi mpaka mwisho wa filamu, na hakuna hata mmoja anayesema labda zirudi Uganda.

Hapo ndipo neno letu linapoingia. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia, lugha yenyewe inasema. Na kuna vijana wanaolibeba neno hili kama tusi. Wanaume waliobaki walipigana, sisi tulikimbia. Nimesikia kijana akimwambia baba yake maneno hayo usoni, Walukuba hapahapa, na mzee akainama. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba kwa shujaa huenda kilio na kwa mwoga huenda kicheko. Yule baba alikuwa na nyumba, ng'ombe na duka. Aliangalia bei, akaona kwamba kinachodaiwa ili abaki ni watoto wake, akaacha vyote mezani usiku mmoja. Huyo kijana yuko hai na anaweza kumtukana baba yake kwa sababu baba yake alijua kutupa.

Kwa wasomaji wetu wanaofanya kazi katika mashirika nina neno pia, na nalisema kwa heshima. Kwenye mafunzo ya biashara vijana wanaambiwa wathubutu, wasiogope hasara. Anayefundisha mara nyingi ana mshahara, ana bima, na mkataba ukiisha ana ndege ya kumrudisha kwao. Huyo amekaa kwenye kiti cha Bond. Anayefundishwa ameweka mtaji mdogo wa kuanzia pamoja na deni la shangazi yake. Kabla ya kumwambia mtu athubutu, muulizeni kwanza: hela hiyo ikipotea, nani atakuja mlangoni kwako? Kama jibu ni mtu mwenye hasira, msaada wa kwanza ni kumtoa kwenye deni, ili siku ya hasara aweze kuacha.

Na sisi wenyewe tunaongoja safari ya kwenda nchi ya tatu, tujiulize hilohilo. Mtu ananiambia hawezi kuanza ufundi wala kuoa kwa sababu amengoja miaka 11, na akianza maisha hapa atakuwa amepoteza hiyo miaka. Miaka hiyo ni vifuniko vya meza. Haiwezi kuamua kitu. Kinachoamua ni mwaka unaokuja: unadai bei gani, na nafasi iko wapi. Labda jibu litakuwa kungoja, sawa. Ila liwe jibu la leo.

Najua mtu atasema, kaka, ni sinema tu, acha watu wafurahi. Na ni kweli inafurahisha. Ile mbio ya mwanzo nimeiona mara nyingi na bado napenda. Pia ni filamu ya Bond inayoonyesha mwili wake ukiumia, na mwanamke anayemkatalia bila kupayuka. Ingekuwa filamu mbaya nisingepoteza karatasi ya jarida hili.

Ombi langu ni dogo. Kama kituo chenu cha vijana kina projekta, ionyesheni, halafu isimamisheni pale Vesper anapokataa kutoa milioni 5. Msiendelee bado. Waulizeni vijana wahesabu: Bond ameonyesha nini mpaka sasa kinachofaa kuaminiwa na milioni 5 nyingine? Sisi tulifanya hivyo. Katika vijana 14, waliosema Vesper yuko sahihi walikuwa 5, na wanne kati yao walikuwa wasichana wanaotunza hela za chakula nyumbani kwao.